Plagi Mfukoni

Kaka alisema angepiga simu Jumamosi saa kumi jioni kusikia neno langu. Neno lenyewe lilikuwa moja tu: Baba aendelee kukaa peke yake katika nyumba yake, au kaka aje na gari amchukue akaishi naye. Tulivutana mwezi mzima juu ya jambo hilo, tukakatiana simu mara sijui ngapi. Mwishowe akachoka. "Haya, nenda wewe ukakae naye siku tatu," akasema. "Ukiniambia yuko sawa, sitafungua mdomo tena." Nikajiona nimeshinda. Nilipofunga begi langu, jibu nilikuwa nalo tayari.

Mimi hupokea wagonjwa dirishani kwenye zahanati. Naandika majina, umri na shida iliyomleta mtu, na kila siku nasikia watu wazima wenye akili zao wakisema uongo uleule: mzee yuko sawa, ameteleza tu, bibi yuko sawa, amechanganya tu dawa. Huwa naandika huku nikisonya moyoni. Lakini kaka aliponieleza kwamba amekuta sufuria jikoni kwa Baba imeungua mpaka chini pametoboka, nilimjibu, "Mkeo hajawahi kuunguza sufuria? Basi na wifi naye tumtafutie wa kumlea." Jirani alipomkuta Baba amesimama mlangoni, funguo mkononi, hajui azifanye nini, nikasema siku hiyo jua lilikuwa kali. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Siku mbili za kwanza zilikwenda kama nilivyotaka. Baba aliamka mapema, akafagia ua, akanywa chai yake bila sukari na kunilaumu kwa kuweka sukari kwenye yangu. Alikumbuka jina la mwalimu wangu wa darasa la tatu, na matusi niliyomtukana mwalimu huyo. Usiku nilijifungia chumbani nikamtumia kaka ujumbe wa sauti: unaona? Kesho ukipiga nitakwambia yuko sawa. Hakujibu.

Jumamosi mchana mashine ya kufulia ikagoma.

Mashine hiyo ilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ni zile za mapipa mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, zenye kitufe cha dakika unachokizungusha kwa mkono. Baba aliikuta ikiwa mzoga kwenye karakana ya mtu, akaifufua, akamletea Mama mwaka ule vidole vya Mama vilipoanza kukakamaa. Mama alishatangulia mbele ya haki, mashine imebaki. Ilibadilishwa mkanda mara nne, na mfuniko wake mmoja ni wa mashine nyingine kabisa, hata rangi haifanani. Kaka alipotaka kununua mpya, Baba alimwuliza kama na yeye akizeeka angependa abadilishwe.

Kabla ya hapo nilikuwa nimepiga pasi sare yangu ya kazini mlemle kwenye chumba cha kufulia, kwa sababu ndimo ilimo meza na ndimo ilimo soketi yenye matundu mawili. Tundu moja lilikuwa na plagi ya mashine, la pili nikachomeka pasi. Nilipomaliza, pasi nikaiacha mezani. Nikajaza mashine mashati ya Baba, maji na sabuni, nikazungusha dakika kumi na tano. Ikanguruma, lakini maji hayakutikisika.

Nilinyoosha mkono kuizima, nikasikia sauti ya Baba mlangoni.

"Mwache aseme kwanza."

Akaingia akijifuta mikono kwenye suruali, akaweka kiganja juu ya mashine, akainamisha kichwa. Miaka arobaini alitengeneza mashine, feni na majokofu ya watu, na hivyo ndivyo alivyoanza kila kazi, kwa kunyamaza. Wateja wenye haraka walikuwa wakichukia.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Inanguruma."

"Inanguruma vipi?"

"Inanguruma tu, Baba."

"Hakuna kunguruma tu. Mkanda ukikatika, mota inakimbia bure, sauti inakuwa nyepesi. Mota ikifa, kimya. Huyu anataka kuondoka, anashindwa hatua ya kwanza." Akachukua mwiko wa kufulia, akauzamisha majini na kuisukuma ile sahani ya chini inayozungusha nguo. Ikaenda. Ikazunguka polepole, kwa kulalamika, lakini ikazunguka. "Umeona? Mota nzima, mkanda mzima. Kapasita ndiyo imekufa. Ndiyo inayompiga teke la kuanzia."

Hakuwa amefungua skrubu hata moja. Nilijisikia kupiga vigelegele. Mtu anayesemekana hajui funguo ni za nini amesimama hapa anausoma ugonjwa wa mashine kwa kiganja! Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia kaka, na mengine hayakuwa ya heshima.

Tulitoa nguo tukaziweka kwenye beseni, tukateremsha bomba la maji machafu hadi kwenye shimo la sakafu. Maji yalipokuwa yakiisha, Baba akasema bila kunitazama, "Kaka yako anapiga saa ngapi?"

Nikajifanya sijaelewa. "Apige ya nini?"

"Kuta za nyumba hii nimezijenga mwenyewe, mama. Najua zinavyopitisha sauti."

Baba huniita mama tangu nizaliwe, kwa kuwa nilichukua jina la mama yake. Sikuwa na pa kuficha uso.

"Saa kumi," nikasema.

"Basi tufanye hivi. Nikimponya huyu, utamwambia kaka yako aniache kwangu. Nisipomponya, nitakwenda. Lakini usimwambie kwa kunihurumia."

"Sikuhurumii, Baba. Utamponya."

"Sawa," akasema, na nikaona amefurahi.

Kitufe cha dakika kilikuwa kimefika sifuri, kikalia tik, na mngurumo ukakoma. Chumba kikatulia. Baba akainama kwenye soketi, akachomoa plagi, akaivuta na kuitia kwenye mfuko wa shati, akaupigapiga mfuko mara mbili.

Hiyo ndiyo iliyompa jina mtaani. Watu humwita Plagi, hata watoto ambao hawajui kwa nini. Hakufungua chombo chochote kabla plagi yake haijaingia mfukoni mwake, na aliwacheka mafundi wanaotegemea testa ya kupimia umeme. "Testa hudanganya," alikuwa akisema. "Plagi ikiwa kifuani kwangu haiwezi kuwa ukutani." Alianza desturi hiyo baada ya mwenzake wa karakana kufa mkono ukiwa ndani ya jokofu, kwa sababu mtu mwingine alipita akaona plagi chini akaichomeka, akidhani anasaidia.

Akakaa kwenye kigoda nyuma ya mashine, mgongo kwa meza, akaanza kufungua. Kila skrubu aliyoitoa aliiweka juu ya mfuniko mahali pake, ya juu kulia juu kulia, ya chini kushoto chini kushoto, mpaka mfuniko ukawa na picha ya ule mgongo wa mashine. Nilitazama mikono yake tu. Haikutetemeka. Nilikaa sakafuni kando ya beseni, nikiwa na raha ya mtu anayeshinda kesi.

Bati likatoka. Ndani mlikuwa na vumbi lililogandishwa na sabuni, na chini, karibu na mota, kapasita yenyewe, kopo dogo jeupe lililovimba tumbo.

"Huyo hapo," akasema. "Sasa, kapasita ni bahili. Hata ukichomoa umeme hubaki na akiba yake. Lazima uimalize kwanza kwa bisibisi, ndipo uishike." Akachagua bisibisi, akainama kuingiza mkono.

Pasi yangu ikasogea mezani.

Ilisogea kidogo, upana wa kiganja. Nikadhani ni macho. Baba akainama zaidi, pasi ikasogea tena, na nikauona waya wake umenyooka kutoka mezani, ukapita begani kwake, ukaingia kwenye mfuko wa shati.

Ulimi wangu haujawahi kunichelewa. Watu wa nyumbani wote ni mashahidi. Siku hiyo ulichelewa. Niliruka beseni, nikaanguka kwa magoti mbele ya ukuta, nikaing'oa ile plagi nyingine kwa nguvu hata soketi ikatoka na kipande cha rangi. Mashine ilikuwa kimya kwa sababu dakika zake zilikuwa zimekwisha. Umeme ulikuwamo muda wote.

Baba akageuka, bisibisi bado hewani. Akaitazama plagi mkononi mwangu. Akatoa iliyokuwa mfukoni mwake, akashika waya wake na kuuvuta taratibu, mkono baada ya mkono, mpaka pasi ikafika ukingoni mwa meza na kuanguka sakafuni.

"Ni kosa langu," nikasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Mimi ndiye niliyechomeka pasi pale. Plagi zote mbili nyeupe, Baba, mtu yeyote angekosea."

"Mtu yeyote, ndiyo."

"Basi."

"Mimi si mtu yeyote." Aliweka bisibisi chini. "Fundi akichomoa, anaushika waya na kuufuata kwa mkono mpaka kwenye mwili wa mashine. Ndipo anaitia mfukoni. Nimewafundisha vijana kumi na wangapi sijui. Aliyesahau kuufuata, nilimrudisha kwao siku hiyohiyo." Akaitazama tena plagi ya pasi. "Leo sikuufuata. Na sijui, mama, kama nimeacha leo au niliacha zamani."

Nilikasirika. Nilimkasirikia kaka, aliyekuwa mbali na hana habari, kwa sababu alikuwa amesema kweli mwezi mzima nami nikamtukana. Nilimkasirikia Mama kwa kufa mapema. Nilikasirika hata na ile mashine, nikataka kuipiga teke. Nikalia badala yake, na kamasi juu, mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja.

Baba aliniacha nimalize. Kisha akainuka kwenye kigoda.

"Kaa hapa," akasema.

"Sijui kitu, Baba. Ulimfundisha kaka, mimi ukaniambia nisome."

"Nilikosea. Kaka yako hana subira. Kaa."

Nikakaa. Akaniambia niushike waya kuanzia kwenye plagi, niufuate. Nikaufuata kwa vidole, ukapita chini ya bomba, ukazunguka mguu wa mashine, ukaingia kwenye tundu la mwili wake. "Ni wenyewe," nikasema. "Tia mfukoni," akasema. Gauni langu halikuwa na mfuko, nikaichomeka kifuani, ikanichoma. Yeye akasimama nyuma yangu, mikono ameifunga mgongoni, kama mtu aliyekatazwa kugusa.

Nilishika bisibisi kwenye mpini wake wa plastiki, nikagusanisha miguu miwili ya kapasita. Ikapiga cheche, pa! Nikapiga kelele. "Hiyo ndiyo akiba yake," Baba akasema. "Rudia." Nikarudia, haikusema kitu. Akaniagiza nisome namba zilizoandikwa ubavuni, nikazisoma kupitia vumbi, naye akaenda kwenye makopo yake ya vipuri akarudi na tatu. Akanipa nizilinganishe mwenyewe. Moja ilifanana umbo kabisa na ile mbovu, nikaishika hiyo. "Usiangalie sura," akasema. "Soma." Namba zilizolingana zilikuwa kwenye ile fupi, mbaya, yenye kutu kidogo. Nikazifunga nyaya zake moja moja, akinirudisha kila nilipokaza nusu. Ilichukua karibu saa nzima, kazi ambayo yeye angeimaliza kwa dakika kumi.

Nikarudisha bati, skrubu moja moja kutoka kwenye mfuniko. Nikachomeka plagi. Nikarudisha maji na mashati, nikazungusha kitufe. Maji yakazunguka, yakageuka, yakazunguka tena upande wa pili, na povu likapanda.

"Amepona," nikasema.

"Amepona."

Hakuna aliyepiga vigelegele.

Saa kumi kasoro dakika chache nilikuwa nimekaa ngazini uani, simu mapajani. Nguo zilikuwa zinakamuliwa ndani, tukisikia pipa likizunguka. Baba akaja akakaa pembeni yangu, akishika goti lake linalouma.

"Utamwambia nini?"

"Kwamba umeutambua ubovu kabla ya kufungua hata skrubu."

"Ni kweli."

"Na kwamba mashine inafanya kazi."

"Ni kweli pia. Halafu?"

"Halafu basi. Tulikubaliana, Baba. Ulisema ukimponya."

"Aliyemponya ni wewe."

"Kwa akili yako! Mimi nilikuwa mikono tu." Nilikuwa nimepandisha sauti. "Kaka hayupo, hakuona. Pasi nitaiondoa humu, sitaiacha tena. Nitabandika karatasi nyekundu kwenye plagi ya mashine. Nitakuja kila mwisho wa wiki. Mtu anakosea mara moja, anafukuzwa kwake?"

Baba alitazama ukuta wa jirani. Nyumba zao zimeshikana, ukuta mmoja, na upande wa pili watoto wa jirani walikuwa wakigombania kitu.

"Kaka yako aliona sufuria moja," akasema. "Zilikuwa tatu. Mbili nilizitupa kabla hajafika."

Niliigeuza simu mapajani, kioo chini.

"Ya tatu ilikuwa usiku. Nilizinduka kwa moshi. Wale watoto wanalala nyuma ya ukuta ule wa jikoni." Alisema bila kutikisika, kwa sauti ileile aliyonielezea kapasita. "Ukimwambia niko sawa, nitakaa. Mimi sina nguvu ya kuondoka mwenyewe, nimejaribu kujiambia, sina. Ndiyo maana nilitaka mashine iniamulie. Sasa na wewe unataka kunihurumia."

"Mimi ndiye nisiyetaka uondoke," nikasema. "Nani atakuwa humu nikija?"

"Hakuna mtu," akasema Baba. "Utakuja kule."

Simu ikalia saa kumi kamili. Kaka ana hulka hiyo. Nikaipokea nikainuka, kisha nikaona hakuna haja, nikakaa tena palepale.

"Haya dada, niambie," kaka akasema. Alikuwa amejiandaa kugombana, nilimsikia alivyovuta pumzi.

Nikamwambia yote. Nilimwambia habari ya kiganja na mwiko, kwamba hakuna fundi hata mmoja mtaani angeutambua ubovu ule kwa kusikiliza. Nikamwambia habari ya pasi. Kwenye sufuria nilimtazama Baba, naye akaniitikia kwa kichwa niendelee, nikazitaja zote tatu. Mwishoni nikasema maneno ambayo sijawahi kuyasema kwa kaka tangu tuko wadogo. Nikasema, "Ulikuwa sahihi. Nisamehe."

Nilingoja anisimange. Ningekuwa mimi ningemsimanga mpaka usiku.

"Nilikuwa naomba uniambie nimekosea," kaka akasema. Kisha akasema ataondoka alfajiri, na akakata.

Ndani mashine ikamaliza, ikalia tik. Baba alikuwa ameshasimama. Aliingia, akatoka na beseni la mashati, akakataa nimsaidie kulibeba. Akaliweka chini ya kamba, akachukua shati la kwanza, akalikung'uta, akalinyoosha kola kwa vidole.

"Anakuja lini?"

"Kesho mchana."

Akatazama kamba, akatazama jua lilipofika.

"Zitakuwa zimekauka," akasema, akaninyooshea mkono nimpe vibanio.